Nani alisema nusu ndiyo kufaulu?

Tuchukue mfano: nafasi 20 za ukarani wa mizigo bandarini Tanga, waombaji 200, kuanzia Ngamiani hadi Chongoleani. Wanapewa jaribio la maswali 40 la umakini na hesabu za haraka, na mwajiri anaamua kwamba anayepata 20 amefaulu. Kwa nini 20? Kwa kuwa ni nusu, basi. Na hata mtihani wa kidato cha nne haufuati nusu: D inaanzia 30.

Wanaotetea majaribio haya wana hoja nzito. Usaili wa mdomo peke yake humbeba msemaji, na wakati mwingine mtoto wa fulani. Karatasi haiulizi ukoo. Tena faida yake inahesabika. Majedwali ya Taylor na Russell ya mwaka 1939, yanayokadiria faida ya jaribio la ajira, yanaonyesha hivi: ikiwa nusu ya waombaji wote wangeimudu kazi, na uhusiano kati ya alama za jaribio na utendaji kazini ni 0.30 tu (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili), kuchukua 20 wa juu kati ya 200 kutakupa wafanyakazi wazuri kama 14. Kwa kubahatisha ungepata 10. Lakini nafasi zikiwa 180 kwa waombaji walewale, jaribio lilelile linakuinua kutoka wazuri 50 katika kila 100 hadi 52. Hapo umelipia ukumbi na wasimamizi kwa faida ya watu wawili katika mia.

Wanaopinga nao hawapigi kelele bure, hasa kwa vipimo vya haiba vilivyotafsiriwa. Swali “Napenda kwenda kwenye sherehe” limetungwa kumtambua mchangamfu. Mwanamke wa Tanga anaitikia ndiyo kwa sababu asipoonekana kwenye shughuli ya jirani, yake nayo itakuwa tupu. Kilichopimwa hapo ni ujirani. Swali la aina hiyo lijaribiwe kwanza kwa watu wa hapa. Likishindwa, litupwe, hata kama lina sifa kubwa lilikotoka.

Mstari wa kufaulu una njia bora kuliko mazoea, nayo ni ile inayohusishwa na William Angoff, mtaalamu wa mitihani wa Marekani, aliyeieleza mwaka 1971. Ita makarani wazoefu na wasimamizi wao, tuseme wanane. Kwanza wakubaliane karani anayetosha kwa shida tu yukoje: anasoma hati ya mzigo bila msaada, ila taratibu. Kisha, kwa kila swali, kila mmoja aandike: kati ya makarani 100 wa namna hiyo, wangapi watapatia? Tafuta wastani wa kila swali, ugawe kwa 100, ujumlishe yote 40. Ikitoka 24.6, mstari ni 25. Kosa la kawaida ni wazoefu kumfikiria karani wao hodari badala ya yule wa mpakani, na mstari unapaa. Dawa yake ni raundi ya pili, baada ya kuonyeshwa waliojaribiwa walipatia kila swali kwa kiasi gani.

Hata hiyo 25 haina ukali wa wembe. Mtawanyiko wa alama (mkengeuko wastani) ukiwa 6, na uthabiti wa jaribio, yaani kiasi ambacho alama zake zinaaminika, ukiwa 0.84 kwa kipimo cha 0 hadi 1, kosa la kipimo ni 6 mara kipeuo cha pili cha 0.16 (1 toa 0.84), yaani alama 2.4. Aliyepata 24 na aliyepata 26 huwezi kuapa kwamba wanatofautiana. Kwangu mimi, wa 23 hadi 27 wasihukumiwe kwa karatasi: wapewe hati halisi na mzigo wa kuhesabu kwa nusu siku, msimamizi akiwaangalia.

Na kazi ikibadilika, mstari nao usogezwe. Karani akikosea, mzigo unahesabiwa upya. Mwendesha winchi akikosea, kuna mtu chini ya ndoano. Kwa winchi ni afadhali kuwaacha nje wachache waliokuwa wanafaa, ilimradi mwajiri aandike sababu hiyo kabla ya karatasi kusahihishwa, si baada ya kuona majina.