Direkta Hali Mapafu

Leo alfajiri, saa kumi na dakika ishirini, mimi mhasibu mwenye diploma, mume wa mtu na baba wa watoto watatu, nilikuwa nimesimama uani kwetu mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi, nchini Kongo, nikiwa nimevaa koti la baba juu ya kaptula, nimemshika mbwa kiunoni ili asianguke wakati wa kukojoa. Umeme umekwenda zake tangu Jumanne, kwa hiyo simu yenye tochi niliing'ata kwa meno. Mbwa mwenyewe hakuwa na haraka. Alinusa mwembe, akanusa ndoo, akanusa mguu wangu kwa muda mrefu kama karani anayekagua hati asiyoiamini, kisha akaona kwamba haja yenyewe haikuwa kubwa kiasi hicho, akalala palepale.

Mbwa huyo anaitwa Direkta, yaani mkurugenzi. Jina alipewa na baba miaka 14 iliyopita, mwaka ule baba aliporukwa kazini katika kupandishwa vyeo, akarudi nyumbani na mbwa mchanga ndani ya kapu, na tangu jioni hiyo tukawa tunamsikia akitoa amri kwa sauti ya kufika barabarani: "Direkta, toka nje! Direkta, acha kula vya wenzako!" Mbwa wa pili alikuja mwaka uliofuata, akaitwa Watachoka, jina lililoelekezwa kwa jirani wa mkono wa kulia, ambaye naye hakukawia kutafuta mbwa wake na kumwita Tutaona. Ugomvi ulikuwa wa ukuta. Tutaona alikufa zamani, Watachoka amechoka yeye mwenyewe na macho yake yameingia utando mweupe, na ukuta bado haujakwisha.

Nilikuja kutoka Kolwezi kupumzika wiki mbili. Zile kilomita 300 hivi nilizimaliza nikiwaza bukari ya mama, ndio ugali, sombe yake ya majani ya muhogo, na kitanda changu cha ujana. Kitanda nilikikuta, na Direkta juu yake. Baridi ya Julai ya Lubumbashi kila mtu anaijua, nyuzi zinashuka chini ya 10 usiku, na baba ameamua kwamba viungo vya mzee havihimili sakafu. Blanketi nililomtumia mama Krismasi iliyopita ndilo analojifunika. Nilipouliza mimi nitalala wapi, baba alipiga hesabu hewani kwa kidole: mwaka mmoja wa mbwa ni saba ya mtu, 14 mara saba ni 98, yeye baba ana 76, haya, mkubwa wa nyumba hii ni nani? Nilijaribu kueleza kwa heshima zote kwamba hesabu hiyo si sahihi, kwamba mbwa hukua mbio mwaka wa kwanza kisha mwendo ukapungua, na kwamba mbwa wakubwa wa mwili huzeeka mapema kuliko wadogo. Baba alinitazama kwa huzuni. "Nilikulipia masomo ya uhasibu," alisema, "ili uje kumpunguzia mzee wa watu umri?"

Ninalala sebuleni na Watachoka. Anakoroma.

Hayo yote ningeyameza kama si maini. Direkta amebakiwa na meno matatu, na kwa siku mbili alikuwa akigeuzia kisogo mapafu aliyokuwa akipikiwa. Mama, aliyetulea sisi watoto sita kwa kanuni kwamba asiyetaka kilichopo asubiri cha kesho, alinivuta pembeni akasema kwa sauti ya chini, "Papa, nenda soko la Kenya, hapa hapa mjini, umletee maini kidogo. Na usimwambie muuzaji ni ya nani."

Muuzaji aliuliza, kwa kuwa wauzaji wote huuliza. Nilimjibu kwamba ni ya mzee mmoja hana meno, na hapo sikusema uongo. Alinihurumia, akachagua kipande kizuri, akaongeza cha bure, akaniombea baraka za wanaotunza wazee wao. Nilikuwa naitika "amina" nilipohisi mkono begani.

"Mwanangu! Umetoka Kolwezi hata simu hupigi, kumbe unakula maini!"

Alikuwa mama mdogo, aliyeishi Likasi miaka 20 akarudi mwaka jana, na alikuwa na wajukuu wawili. Sasa, tangu mkoa wetu wa Katanga ulipogawanywa katika mikoa minne mwaka 2015, ndugu zangu wa Lubumbashi wanaamini kwamba fedha zote zilipanda gari moja nasi kwenda Lualaba, mkoa wa Kolwezi, na kwamba kila anayeishi Kolwezi hulalia madini ya kobalti. Nilimwambia, "Mama mdogo, haya si yangu." Akajibu, "Najua, mwanangu, vya nyumbani ni vya wote," akamshika mkono mjukuu mmoja na mimi nikapewa wa pili. Ndani ya basi dogo aliwatangazia abiria kwamba mtoto wa dada yake hasahau watu. Nauli za wote nililipa mimi.

Mama alipomwona mdogo wake mlangoni, kisha akauona mfuko mkononi mwangu, uso wake ulipita mambo mengi kwa muda mfupi. Aliuchukua mfuko kimya, akawasha mbabula, jiko la makaa. Harufu ilipoanza kutembea, Direkta, ambaye ni kiziwi na siku tatu nzima hakuwa ameinuka bila kushikwa, aliinuka peke yake, akavuka sebule na kuketi mbele ya mama mdogo. Pua haijui uzee. Mama mdogo naye, kama dada yeyote, aliingia jikoni kuonja.

"Dada, umesahau chumvi. Na kitunguu kiko wapi?"

"Daktari amekataza," mama alisema, macho chini.

"Nani anaumwa?"

Baba, ambaye ukimwita chakula inabidi umwite mara nne, hilo alilisikia kutoka kitini. "Direkta! Kitunguu kinaharibu damu yake!"

Mama mdogo aliweka mkono kifuani. "Direkta? Yule wa kazini? Yule aliyekunyima cheo? Na leo mnamlisha ninyi?" Machozi yalimtoka. "Shemeji, kweli Mungu amekugusa!"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na watu wazima watatu tuliiacha ipite. Alituombea dua ndefu sana, akakataa katakata kugusa chakula cha mgonjwa, na tukala bukari kwa mboga huku sahani ya maini imefunikwa kitambaa safi katikati ya meza. Mbwa alikuwa chini ya meza, anatetemeka. Mama mdogo akiondoka alisema Jumapili atakuja na akina mama wa kanisa kumwona Direkta na kumwimbia.

Kilichonikasirisha kweli nilikiona jioni. Vidonge vya Direkta vya viungo vimewekewa alama kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda, hakikosekani hata kimoja. Vidonge vya baba vya shinikizo la damu viko juu ya kabati, boksi halijafunguliwa, ni lile nililoleta mimi Pasaka. Nilipaza sauti, sikatai. Baba alinijibu kwamba Direkta hawezi kujikumbusha mwenyewe, yeye anaweza. Kisha akainama na kumwambia mbwa asiyesikia, "Huyu mtoto amekuja kutupigia kelele." Nilikitoa kidonge, nikamletea na maji, akakitia mfukoni.

Jumapili ni keshokutwa. Mama anapendekeza Direkta apelekwe kwa jirani, yule wa ukuta, na baba anasema wageni wa Direkta watapokelewa na Direkta mwenyewe, tena mimi nimwogeshe kesho, maji yakipatikana. Nimeulizia basi la Jumamosi la kwenda Kolwezi. Limejaa.