Nani akae kwenye meza ya hesabu?

Wiki ya Krismasi ya mwaka 2018, jirani yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, alinigongea mlango akiwa na daftari na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Sikumaliza hata shikamoo. "Marahaba. Mwanangu, wewe si ulisoma hesabu? Hebu nipigie hii." Kilikuwa kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia mafao ya kustaafu.

Ili namba zikae vizuri tukachukua mshahara wa milioni moja kwa mwezi na utumishi wa miaka 30, yaani miezi 360. Kwa kanuni aliyoizoea ya PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unagawa miezi 360 kwa 540, unazidisha kwa mshahara wa mwaka, unazidisha kwa 15.5, kisha unachukua nusu. Zinatoka shilingi milioni 62 za mkupuo, na pensheni ya 333,333 kila mwezi. Kwa kanuni mpya ya serikali ya mwaka huo, 540 imekuwa 580, 15.5 imekuwa 12.5, na nusu imekuwa robo. Mkupuo unashuka hadi milioni 23.3, pensheni inapanda hadi 465,517. Kwa kalamu nyekundu mwalimu akaandika tofauti zote mbili, moja chini ya nyingine: milioni 38.7 zimetoka, laki moja na elfu 32 zimeingia kila mwezi. Tukagawa. Miezi 293. Anayestaafu na miaka 60 angefikisha 84 ndipo nyongeza ya pensheni ifidie alichopunguziwa siku ya kwanza.

Aliitazama ile 293 kwa muda, akasema: "Hii tumepiga mimi na wewe. Nani mwingine ameipiga, ambaye nikimpelekea afisa utumishi hataniambia ametumwa na chama?"

Sikuwa na jibu, na naona bado hatuna. Mfuko ulitoa namba, lakini mfuko unajitetea. Serikali ilitoa namba, lakini serikali ni mwajiri na tena mdaiwa, kwa sababu watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia na deni lao liliangukia PSPF. Desemba 2021 ndipo sehemu ya deni hilo, trilioni 2.17, ilipolipwa kwa hatifungani isiyo taslimu. Chama cha wafanyakazi nacho kilitoa namba, na walalamikaji ndio wanachama wake. Tulikuwa na mdhibiti wa mifuko, SSRA, lakini mkurugenzi wake mkuu aliondolewa Desemba ileile ya 2018, na mwaka uliofuata majukumu yake yakahamishiwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akakutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu na kusitisha kanuni mpya hadi 2023. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Hesabu yenyewe ilibaki vilevile mezani.

Wamarekani walilikabili jambo hili mapema, na namna yao inafaa kuangaliwa kwa karibu pamoja na kasoro zake. Mwaka 1986 ilianzishwa Washington taasisi isiyo ya kiserikali wala ya faida, akademia ya taifa ya wataalamu wa bima ya jamii, ambayo kifupi cha jina lake ni NASI. (Kwa Kiswahili jina hilo lingewafaa kuliko linavyowafaa kwao.) Mwanzilishi wake, Robert Ball, aliingia kwenye idara ya pensheni mwaka 1939 kama afisa wa ofisi ya wilaya, wa kukaa dirishani na kupokea maombi, akapanda hadi kuwa kamishna wake mkuu kuanzia 1962 hadi 1973, chini ya Kennedy, Johnson na Nixon. Bima ya afya ya wazee, Medicare, ilianza kulipa Julai 1966 mikononi mwake.

Taasisi aliyoiacha imejengwa kwa kanuni chache. Wanachama ni wataalamu wanaochaguliwa na wenzao. Watumishi wa kudumu ni wachache, kazi yao kuratibu. Swali likizuka huundwa jopo, jopo linaandika ripoti, na ripoti hubeba majina ya wanajopo. Taasisi yenyewe haiipigii debe. Hufanya pia kazi za kuchosha ambazo hazina mwenyewe. Fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, kwa mfano, kule ni suala la kila jimbo, na idara ya pensheni ndiyo iliyokuwa ikikusanya takwimu zake kitaifa hadi ilipoacha katikati ya miaka ya 1990. NASI ikaichukua kazi hiyo mwaka 1997. Anayetaka kujua Marekani nzima imelipa fidia kiasi gani mwaka fulani, awe mwajiri, wakili wa majeruhi au kampuni ya bima, anafungua ripoti ileile.

Hapo ndipo mjadala unapoanzia: taasisi ya namna hii iongozwe na nani, na kiongozi huyo aruhusiwe kusema nini?

Wapo wanaosema iongozwe na watu wa ndani ya mfumo, na ifunge mdomo kuhusu sera. Hoja yao nzito ni ya mwaka 1983. Mfuko wa pensheni wa Marekani ulikuwa umebakiza miezi tu kushindwa kulipa kwa wakati. Reagan alikuwa ameunda tume ya watu 15 chini ya Alan Greenspan. Ball alikuwamo, Mdemokrati, mtu wa Spika O'Neill. Mkurugenzi mtendaji wa tume alikuwa Robert Myers, Mrepublican, aliyekuwa mkuu wa tathmini ya uhai wa mfuko kuanzia 1947 hadi 1970, kisha akajiuzulu akiwalaumu wakubwa wa idara kwa kutaka kuupanua mfumo kupita kiasi. Kisera, hawa wawili hawakuwa wakiivana. Lakini walikuwa wamefanya kazi nyumba moja miaka mingi, na namba waliisoma kwa njia moja. Waligombania nani abebe mzigo. Uzito wake hawakuugombania. Aprili mwaka huo sheria ikasainiwa, na umri wa kustaafu ukaanza safari ndefu ya kutoka 65 kwenda 67, safari inayofika mwisho 2027. Miaka 44 ya kuwazoesha watu! Sisi tulitaka kufanya yetu kwa tangazo moja la gazeti la serikali.

Nikiwa nimeshika lile daftari, hoja hii inaniingia moyoni. Meza ambayo serikali na TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, wangeikubali wote wawili isingemaliza ugomvi, ila ingeuweka mahali pake. Ingesema, kwa mfano, kwamba wanachama wa mifuko mingine, PPF na NSSF, walikuwa tayari wanapata robo kwa miaka, hivyo kilio cha mwalimu, kwa jirani yake wa kiwandani, kilikuwa kilio cha aliyepewa zaidi. Jambo hilo hakuna chama kilichopenda kulisema kwa sauti. Ingesema pia kwamba mkupuo mkubwa haukuwa peke yake uliozamisha PSPF. Deni la kabla ya 1999 lilikuwa limekaa pale pale. Na hilo serikali haikupenda kulisema kwa sauti.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Watu wa ndani huuona mfumo vizuri sana na waliobaki nje hawawaoni. Sheria ya pensheni ya Marekani ya mwaka 1935 iliwaacha vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, yaani sehemu kubwa ya wafanyakazi Weusi. Moja ya sababu zilizotolewa na wataalamu ilikuwa ya kiofisi kabisa: kukusanya michango ya watu hao ni kazi ngumu. Waliingizwa kuanzia 1950, wengine 1954. Anayesikiliza maofisa wetu wakieleza kwa nini mama lishe na bodaboda ni vigumu kuwafikia ataitambua sauti.

Kuna mfano ulio hai zaidi. Marekani hulipa posho ya SSI kwa wazee na wenye ulemavu maskini. Anayeipokea, akiwa peke yake, haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, na kiwango hicho hakijaguswa tangu 1989. Mtaalamu atakwambia, na ni kweli, kwamba SSI si bima kwa sababu hailipwi kwa michango, inatoka kwenye kodi. Kwa hiyo taasisi ya bima ya jamii ingeweza kuiacha pembeni miaka nenda rudi bila kuvunja kanuni yake hata moja. Kanuni ya kutokuwa na upande haikuambii ni maswali gani hukuuliza, na anayechagua maswali, mara nyingi, ni mfadhili. Jibu huwezi kulinunua kwa wataalamu wenye heshima zao. Swali unaweza, kwa ruzuku ya miaka miwili tu.

Ndiyo maana mabadiliko ya uongozi NASI yanasomeka kama hoja. William Arnone, mtendaji mkuu kwa miaka kadhaa, alikuwa mjumbe wa bodi ya mwanzo kabisa na mshirika mstaafu wa kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Ernst & Young, mtu wa kupanga fedha za wafanyakazi wanaokaribia kustaafu. Baadaye kiti kilikwenda kwa Rebecca Vallas, mwanasheria aliyeanzia ofisi ya msaada wa kisheria Philadelphia akitetea maskini wanaonyimwa mafao, akajijengea jina kwa kupigania haki za wenye ulemavu. Kutoka aliyekuwa akiuelezea mfumo hadi aliyekuwa akipambana nao dirishani. Wapo watakaosema taasisi imepata upande. Mimi nasema upande ulikuwapo tangu 1986: Ball aliuamini mfumo wa pensheni kama muumini, na hakuna aliyemfahamu aliyedhani vinginevyo. Alichofanya ni kuzuia imani yake isiingie kwenye majedwali.

Kazi ya kupaza sauti ilikwenda nyumba nyingine. Nancy Altman na Eric Kingson, wote wawili watumishi wa ile tume ya Greenspan, walianzisha Social Security Works, ambayo haina haya kusema inataka pensheni iongezwe. Mwaka 2025 idara ya pensheni ilipotangaza kupunguza watumishi kutoka kama 57,000 hadi 50,000, nyumba hiyo haikuchelewa kupaza sauti. Nyumba ya hesabu haikuumbwa kwa kasi hiyo, na anayeilaumu kwa hilo anamlaumu mzani kwa kutopiga kelele.

Basi mizani yangu inaelemea kwa Ball, kwa sharti moja. Mkurugenzi anaweza kuwa mtu mwenye upande, mradi ujulikane, lakini anayepiga hesabu asitegemee hisani yake wala ya aliyemteua. Na miongoni mwa wanaochagua maswali wawepo waliokwisha kusimama upande wa pili wa dirisha: mstaafu aliyefuatilia faili miezi tisa, mjane wa kibarua, mlemavu aliyeambiwa arudi kesho. Bodi zetu za wadhamini zina viti vya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi. Mstaafu mwenyewe, ambaye mfuko upo kwa ajili yake, kwa kawaida husikilizwa kupitia mtu ambaye bado yuko kazini.

Kwetu kuna kikwazo kingine ambacho Ball hakukutana nacho. Septemba 2018, miezi mitatu kabla ya daftari la mwalimu, Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu na kuifanya jinai kutangaza takwimu za kupinga zile rasmi. Makosa hayo yaliondolewa 2019. Lakini hebu fikiria taasisi changa yenye watumishi sita, ruzuku ya mwaka mmoja na mkurugenzi aliyetoka serikalini: ingeichapisha ile 293? Hapa hoja ya mtu wa ndani inageuka. Aliyetumikia mfumo miaka 30 huwa na marafiki wa kumlinda, na huwa pia na pensheni inayotoka mfuko uleule anaoukagua.

Wataalamu si tatizo. Vyuo vyetu vinatoa kila mwaka vijana waliosomea hesabu za bima na hifadhi ya jamii, na wengi huishia kwenye mifuko yenyewe au kampuni za bima, kwa sababu hakuna mwajiri wa tatu. Kinachokosekana ni huyo wa tatu, na fedha za kumwendesha ambazo hazina kamba. Michango midogo ya wanachama wenyewe ingekuwa fedha safi kuliko zote, ila sijamwona bado anayejua namna ya kuikusanya.

Mwalimu wangu alistaafu 2021, wakati wa kusitishwa, akalipwa kwa kanuni ya zamani. Mwenzake waliyegawana ofisi ya walimu alistaafu Septemba 2022, miezi miwili baada ya kikokotoo cha asilimia 33 kuanza, na kabla asilimia hiyo haijapandishwa hadi 40 mwaka 2024. Alikuja na daftari lilelile, ameazimwa. Kwa mshahara wetu wa mfano nikampigia: milioni 30.7 za mkupuo, pensheni 415,862. Akafungua ukurasa wa nyuma, akaiona 62 iliyoandikwa kwa wino mweusi, akauliza kama nilikosea mahali.