Andosoli au "udongo mweusi wa mlimani"? Ubishi wa majina ya udongo huku Arusha na Moshi

Ukiwakalisha meza moja wakulima na watu wa udongo huku kwetu, haichukui muda ubishi unaanza. Mtaalam anasema udongo wa miteremko ya Mlima Meru ni Andosoli, yani udongo uliotokana na majivu ya volkano, mkulima anajibu huu ni udongo mweusi wa mlimani, mwepesi, tifutifu, na hilo jina lako halijawahi kunipa hata debe moja la mahindi. Kila mmoja anaondoka anamwona mwenzie hajui kitu. Mi naona wote wawili wana hoja, ila tatizo ni kwamba watu wengi wanaobishia haya majina hawajui yanapatikanaje, wanadhani kuna mzungu alikaa ofisini akayatunga tu.

Sivyo. Mtu wa udongo akija shambani hatoi jina kwa kutazama juu juu. Anachimba shimo, mara nyingi mita moja na nusu au mbili kama mwamba haujamzuia, anasafisha ukuta mmoja kwa kisu alafu anaanza kusoma tabaka. Kila tabaka lina herufi yake: O ni takataka za majani zinazooza, A ni udongo wa juu wenye mboji, B ni ule wa kati ambao umeshabadilika, C ni majivu au mawe ambayo bado hayajabadilika sana, R ni mwamba mgumu. Rangi haandiki "mweusi mweusi hivi", analinganisha bonge lenye unyevu na kitabu cha rangi cha Munsell anaandika 10YR 2/1 ambayo ndo nyeusi kabisa, na mwenzie aliyeko Japani akisoma anajua ni rangi gani. Analowesha udongo anausugua vidoleni, anaangalia mabonge yanavunjikaje, mizizi imeishia wapi, mpaka wa tabaka na tabaka umenyooka au umepinda pinda. Kazi ya kuchafuka, na mpaka hapo bado hajataja jina lolote.

Jina linatoka kwenye mfumo, na mifumo mikubwa ni miwili. Kuna WRB wa Umoja wa Kimataifa wa Sayansi za Udongo, toleo la kwanza 1998 na la nne 2022, una makundi 32. Na kuna mfumo wa Marekani wa 1975 ambao sasa una oda 12 (oda ndo makundi yao makuu). Udongo wa majivu ya volkano uliwasumbua sana Wamarekani, mwanzoni waliuweka kama tawi tu ndani ya oda ya udongo ambao haujakomaa, mpaka 1990 ndo wakaupa oda yake wenyewe, Andisoli (ndo hiyo WRB wanaita Andosoli). Yani hata wao walibishana.

Kwa WRB udongo hauitwi Andosoli mpaka uwe na tabaka zenye sifa za andiki au za vitriki (hizi za vitriki ni kwa majivu machanga ambayo bado yana vioo vya volkano), unene wake ukijumlishwa ufike sentimita 30 ndani ya mita moja ya juu, na zianze ndani ya sentimita 25 za kwanza. Sifa za andiki zenyewe ni namba: uzito usiozidi gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo, uwezo wa kushika fosfeti (ndo fosforasi ya kwenye mbolea) asilimia 85 kwenda juu, na alumini pamoja na nusu ya chuma vinavyoyeyuka kwenye oksaleti ya amonia vifike asilimia 2. Na hapo ndo mkulima anaposimama anaenda zake, simlaumu.

Lakini ngoja kwanza tumtetee mtaalam, manake hoja yake nzuri kabisa huwa hata yeye mwenyewe anasahau kuisema. Huku kwetu "udongo mweusi" ni vitu viwili tofauti kabisa. Wa mlimani Meru ni mweusi sababu mboji imeshikamana na alumini na madini ya majivu kiasi kwamba haiozi kirahisi, ni mwepesi, maji yanapita vizuri na bado unatunza unyevu mwingi. Ukishuka tambarare unakuta mweusi mwingine, udongo wa mbuga, ambao wataalam wanauita Vertisoli: mfinyanzi asilimia 30 au zaidi, ukinyeshewa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa unaweza kuingiza mkono. Mtu ameuza shamba la "udongo mweusi" mlimani kanunua la "udongo mweusi" huko chini akidhani rutuba ni ileile, anakuja kugundua jembe halizami kiangazi na masika trekta haliingii, na akijenga nyumba bila msingi wa maana ukuta unapasuka. Jina la rangi limemdanganya. Majina Andosoli na Vertisoli yangemwambia siku ya kwanza.

Alafu ile asilimia 85 ya fosfeti sio pambo. Majivu ya volkano yakioza haraka yanatengeneza vijimadini vidogo sana vinaitwa alofani na imogoliti, vina uso mkubwa mno ukilinganisha na udogo wake na uso huo umejaa alumini inayokamata fosfeti na kuing'ang'ania. Sasa mkulima anamwaga DAP shambani, anarusha tu juu, sehemu kubwa ya fosforasi inakamatwa kabla mzizi haujaiona, mahindi yanakuwa na majani ya zambarau, anasema mbolea ni feki. Inawezekana kweli ni feki, hatukatai hizo zipo, ila kwenye Andosoli hata mbolea halali inakamatwa. Dawa yake inajulikana: weka kwenye shimo au mstari karibu na mbegu ili mzizi uiwahi, changanya na samadi, usirushe. Sifa hii huwezi kuiona kwa macho hata ungelima miaka hamsini, na hapa jina la kitaalam linamshinda mkulima waziwazi.

Kuna na mtego wa maabara, wengi hawaujui. Sampo zikifika huko zinakaushwa, zinachekechwa, alafu zinatikiswa kwenye dawa ili chembe za mfinyanzi ziachane wapime asilimia. Alofani haiachani kirahisi hivyo, na ikishakaushwa ndo inagandamana moja kwa moja, haturudi tulipotoka. Matokeo yake ripoti inasema udongo wako una mfinyanzi kidogo, karibu na kichanga, wakati shambani ukiusugua vidoleni kwa nguvu unalainika ghafla unateleza kama mafuta ya kupaka. Kama aliyeandika ripoti hajui kwamba hii ni Andosoli atakupa ushauri wa umwagiliaji wa udongo wa kichanga, utamwagilia maji mara nyingi bila sababu.

Sasa turudi upande wa pili, maana nao una uzito na mi huwa nakerwa wataalam wanavyoupuuza.

Kwanza hizo namba zinakata kitu ambacho hakina mkato. Panda kutoka Kahe na Mabogini, kule chini kwenye mpunga na miwa ambako shida ni chumvi na magadi, uje Moshi mjini, upande Kibosho mpaka msituni kwenye Mlima Kilimanjaro. Miteremko ya kati unakutana na udongo mwekundu mzito wenye kina, mabonge yake yana nyuso zinazong'aa, huo ni Nitisoli, udongo mzuri sana wa kahawa. Juu huko msituni ndo Andosoli. Katikati? Katikati ni mchanganyiko, majivu yanaoza taratibu yanaelekea kuwa Nitisoli, na shamba lenye uzito wa 0.88 linaitwa hivi wakati la jirani lenye 0.93 linaweza kuitwa vile. WRB wanajitetea kwamba kuna maneno ya kuongezea, unaweza kusema Nitisoli yenye sifa za andiki, ni sawa, lakini ramani ikichapishwa kwa skeli ya mkoa mzima hayo maneno yanapotea inabaki rangi moja.

Pili, na hili ndo kubwa kwangu, jina halioni kazi ya mkulima. Kihamba cha Mchaga, lile shamba la nyumbani, kimewekewa samadi ya zizini, majani ya migomba na maji ya mfongo (mfereji wa asili) kizazi hadi kizazi. Pembeni yake ukute kipande kwenye mteremko huohuo kimelimwa mahindi bila makingamaji, udongo wa juu umeshuka mtoni. Vinaweza kupewa jina lilelile. Wataalam wanasema wamefanya hivyo makusudi, kwamba jina lisimame kwenye sifa zisizobadilika kila msimu la sivyo ramani ingepitwa na wakati kabla haijakauka wino, na hoja hiyo naikubali. Ila basi wasimpelekee mkulima jina kana kwamba ni jibu, maana swali lake ni kwanini la jirani linazaa na langu halizai, na hapo mfumo kwa makusudi kabisa umekaa kimya.

Tatu hali ya hewa. WRB haihesabu hali ya hewa kwenye jina, Wamarekani wanahesabu, kwao Andisoli ya mahali penye mvua nyingi ni tawi tofauti na ya mahali pakavu. Kwa mlima kama Meru ambao upande wa kusini, Tengeru na kuzunguka huko, unapata mvua ya kutosha wakati Ngarenanyuki kaskazini ni kukavu watu wanaishi kwa mifereji, mi naona Wamarekani wako sahihi zaidi. Kasoro yao ni kwamba unatakiwa ujue unyevu wa udongo mwaka mzima, na vipimo hivyo sehemu nyingi hakuna, kwaiyo watu wanakadiria kutoka kwenye mvua tu wanaandika kana kwamba wamepima.

Na wale wanaosema elimu ya mkulima sio sayansi wakumbuke wazo moja kubwa la sayansi ya udongo lilizaliwa hapahapa kwetu. Geoffrey Milne, Mwingereza aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, mwaka 1935 alileta wazo la katena, kwamba udongo unafuatana kwa mpangilio kutoka juu ya kilima mpaka bondeni na mpangilio huo unajirudia kilima baada ya kilima. Mkulima yeyote wa mteremkoni anakwambia hilo bila shule: juu panakaa hiki, katikati hiki, bondeni mbuga. Neno mbuga lenyewe liliingia kwenye maandishi ya kitaalam kama jina la udongo. Majina ya wenyeji yanabeba mahali na matumizi kwa pamoja, kitu ambacho Andosoli haibebi, ila hayasafiri, mtu wa Mbeya au wa Japani mwenye udongo wa majivu kama wetu hawezi kujua tunazungumzia nini na sisi hatuwezi kuiba utafiti wake.

Msimamo wangu? Shimo ni la thamani kuliko majina yote mawili, la mtaalam na la mkulima. Meru imelipuka mara nyingi, upande wake wa mashariki uliporomoka miaka elfu kadhaa iliyopita ukatandaza vifusi kule kwenye maziwa ya Momella, na mara ya mwisho ilitoa majivu 1910. Ukikata ukingo wa barabara huko utaona udongo mweusi, chini yake majivu ya kijivu, chini tena udongo mwingine mweusi uliofukiwa ambao zamani ulikuwa juu. Mtaalam anauandika 2Ahb kwenye maelezo yake, vizuri sana, lakini huo uliofukiwa ukiwa kwenye kina cha zaidi ya mita moja, kwenye jina hauna nafasi kubwa. Mizizi ya mparachichi inaujua. Kwaiyo ripoti inayokuja kijijini na neno moja tu "Andosoli" imeacha nyama imeleta mfupa, wakati maelezo ya lile shimo kwa Kiswahili cha kawaida mkulima angeyasoma na kubishana nayo.

Mwaka 2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo, jambo jema, ila kipimo cha fosforasi kinakuonyesha iliyopo sasa hivi, hakikwambii hiyo utakayoweka kesho ngapi itakamatwa. Kwa hilo kuna kipimo cha bei rahisi cha shambani: udongo kidogo juu ya karatasi iliyolowekwa fenolfthaleini, tone la floridi ya sodiamu (sumu hiyo, vaa glavu), karatasi ikigeuka pinki haraka ujue kuna alofani au jamaa zake na DAP yako iko hatarini. Miteremko ya kusini yenye mvua kinafanya kazi vizuri. Ukienda sehemu kavu zenye chokaa na magadi karatasi itageuka pinki vilevile kwa sababu ya chokaa sio alofani, na huko inabidi uchukue jembe uchimbe.