Dawa wanayoitafuta baada ya ICU sina

Nina duka la dawa muhimu hapa Masasi, si mbali na stendi. Wateja wanaouguza mtu aliyetoka ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, siku hizi nawatambua kabla hawajafungua mdomo. Hawana cheti, kwa sababu dawa za cheti zilishakwisha wiki nyingi zilizopita. Wanasubiri wenzao waondoke, kisha wanauliza kama nina dawa ya nguvu. Mgonjwa wao alikuwa mahututi, akapumulia mashine, Mungu akasaidia, akaruhusiwa. Huu ni mwezi wa tatu yuko nyumbani na bado kwenda chooni anashikwa mkono. Wanataka kujua ni ugonjwa gani uliobaki ambao madaktari hawakuuona.

Ningekuwa natazama biashara tu, ningewauzia nusu ya rafu. Vitamini za kila rangi zipo, za kuongeza damu zipo, na wako wenzangu katika kazi hii wasioona haya kumtundikia mtu chupa ya maji ya glukosi na kuiita dripu ya nguvu. Wanaume huja na ombi lao la kunong'ona, la nguvu za kiume. Wake zao huulizia ya usingizi, ya kumpa baba watoto anayeamka saa nane za usiku akipiga kelele. Kwa miaka niliyokaa nyuma ya kaunta nimefikia kuamini kwamba kinachowakosesha raha watu hawa, mara nyingi, ni maelezo ambayo hawakupewa. Familia inatoka hospitali ikiwa na karatasi ya ruhusa, dawa za siku kadhaa na tarehe ya kliniki. Hakuna aliyeiambia kwamba mwaka mgumu ndiyo kwanza unaanza.

Tuanze na miguu, maana ndiyo inayolalamikiwa kwanza. Mwili wa mtu aliye mahututi hujila wenyewe. Watafiti wa London waliochapisha kazi yao mwaka 2013 walipima misuli ya paja ya wagonjwa wa ICU kwa ultrasaundi, wakakuta ndani ya siku 10 imepungua kwa karibu asilimia 18. Kulala kitandani peke yake hakumalizi mtu kwa kasi hiyo. Ugonjwa wenyewe unachangia, dawa za kumlaza zinachangia, na mishipa ya fahamu nayo huumia. Mwaka 2003 madaktari wa Toronto, Kanada, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 109 walionusurika baada ya mapafu kushindwa kabisa kufanya kazi. Wengi hawakuwa wazee. Nusu yao walikuwa na miaka 45 au chini. Baada ya mwaka mzima mapafu yalikuwa yamekaribia kurudi sawa, lakini umbali waliotembea kwa dakika 6 ulikuwa kama theluthi mbili tu ya ule uliotarajiwa kwa watu wa rika lao, na waliokuwa wamerudi kazini walikuwa karibu nusu. Walipopimwa tena mwaka wa 5, umbali ulikuwa umefika kama robo tatu. Na hiyo ni Kanada.

Sasa ilete hesabu hiyo Tandahimba. Mtu kalazwa mwezi wa tano, karuhusiwa mwezi wa sita, wenzake wako shambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho. Mashine ya kupulizia inabebwa mgongoni. Yeye mgongo wenyewe haujajibeba. Mwezi wa kumi korosho zinadondoka, na kuokota ni kuinama kutwa. Familia ilishajipa moyo kwamba mpaka msimu atakuwa sawa, na kwa imani hiyo ikakopa. Nyingine inauza kangomba: mnunuzi wa mtaani anatoa fedha leo kwa korosho ambazo bado ni maua, kwa bei ya kutupa, nje kabisa ya mnada wa chama cha msingi cha ushirika. Serikali inaikemea kangomba kila mwaka. Mimi nadhani itaendelea kuwepo maadamu watu wanaugua kabla ya msimu. Lakini kuna hasara ambayo ingeepukika. Kama mtu angewaambia mapema, bila kuwaficha, kwamba baba huyu msimu huu msimhesabu, wangemwita mpwa kutoka Newala, au wangekodisha sehemu ya mikorosho kwa makubaliano ya watu waliotulia. Badala yake wanamngoja. Msimu ukifika hajainuka, na hapo ndipo neno “mvivu” linapoanza kusikika, kwanza kwa watoto wa jirani, baadaye kwa mkewe.

Akina mama wanaonusurika kifafa cha mimba wana mtihani wao. Aliyerudi na kichanga hapewi hata mwezi wa kuitwa mgonjwa. Ndoo inamsubiri.

Kichwa nacho. Timu ya Nashville, Marekani, iliwafuatilia wagonjwa mahututi 821 na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Watatu kati ya kila wanne waliweweseka wakiwa hospitali. Miezi mitatu baadaye, wanne kati ya kila kumi waliopimwa walikuwa na alama za kumbukumbu na kufikiri zinazolingana na za mtu aliyeumia kichwa kwa kiasi cha kati, na robo ya wote waliopimwa walikuwa chini zaidi, kiwango cha mwanzo wa ugonjwa wa Alzheimer. Vijana hawakusalimika. Kila nikisoma takwimu hizo namfikiria mweka hazina wa kikoba. Amerudi, amekonda, ameongea vizuri na wageni, kila mtu amefurahi. Siku ya kuhesabu hisa anachanganya. Mara ya pili anachanganya. Kwenye kikoba hakuna mtu anayesema ubongo wa mwenzetu haujapona. Wanasema amekula fedha ya hospitali. Mtu kama huyo angepumzishwa cheo miezi sita kwa heshima yake, angerudi na jina safi.

Lakini jambo linaloharibu zaidi kwetu Kusini ni ndoto.

Fikiria ubongo wenye homa, uliokosa usingizi wa kweli kwa siku nyingi, uliolazwa kwa dawa. Taa haizimwi. Mashine inalia. Watu wanaokuinamia wamefunika nyuso. Una mrija kooni, huwezi kusema, na mikono imefungwa kitandani ili usiung'oe. Ubongo huo unatengeneza kisa cha kueleza mateso hayo, na kisa hicho hakifutiki asubuhi kama ndoto nyingine. Mgonjwa anakikumbuka kuliko anavyokumbuka jambo lolote la kweli lililompata wiki ile. Huko Ulaya na Marekani wengi husimulia kwamba walitekwa, au manesi walikuwa na njama ya kuwaua. Mtu wa Nanyumbu au Ruangwa akizinduka na picha hizohizo, tafsiri anayo tayari tangu utoto: alichukuliwa, walikuwa wanamfanya ndondocha, yaani msukule, alilimishwa usiku. Na shamba alilolimishwa lina mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Ni shangazi. Ni mke mkubwa. Ni jirani wanayegombea mpaka.

Nimeshuhudia ukoo ukipasuka kwa jina lililotajwa namna hiyo. Mtajwa mmoja alikuwa ni mtu aliyechangia nauli ya mgonjwa kwenda rufaa. Mpaka leo hakai nao sahani moja. Sibishani na mtu kuhusu uchawi kwenye makala, nitapoteza wateja na sitapata mshindi. Ninachosema ni kidogo zaidi. Nesi angemwambia kaka mtu, siku ya ruhusa, “Huyu ataota, atasimulia mambo mazito, na wengi wanaolala hapa huwa hivyo,” basi kisa kile kingefika nyumbani kikiwa na maelezo mengine ya kushindana nayo. Sasa hivi kinafika peke yake.

Manesi wa nchi za Skandinavia walibuni jambo ambalo ningependa tuliige bila hata semina. Wanamwandikia mgonjwa daftari akiwa hajitambui, kueleza kila siku kilichotokea, na akipata nafuu wanampa asome. Utafiti wa hospitali 12 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kati ya waliopewa daftari lao mapema, waliopata ugonjwa wa kiwewe ni asilimia 5, na kati ya waliocheleweshewa ni 13. Sisi tuna ndugu wanaolala kwenye vibaraza vya hospitali wiki nzima bila kazi zaidi ya kusubiri saa ya kuona mgonjwa. Daftari la shule linatosha. “Jumanne. Leo walikufunga mikono, ulikuwa unang'oa mrija. Mama mdogo alikuja na uji, hakuruhusiwa kuuingiza. Shangazi amelipa vipimo.” Ule mstari wa shangazi una thamani kuliko kikao chochote cha usuluhishi.

Najua nitakachojibiwa. Mikoa yetu imehangaika kupata hata vitanda vyenyewe, mpaka juzi mgonjwa akizidiwa ni safari ya Dar es Salaam, na wewe unadai huduma za watu waliopona? Hoja ina uzito. Utafiti mkubwa uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2025, wa nchi 22 za Afrika, ulikuta mgonjwa 1 kati ya 8 waliolazwa yuko mahututi, na 1 kati ya 5 wa hao alifariki ndani ya wiki moja. Anayekufa kwa kukosa oksijeni ana haki ya kutangulia. Ila utafiti huohuo ulikuta kama 7 kati ya 10 ya mahututi hao wako wodi za kawaida, si ICU. Maana yake waliopitia hali hii na wakarudi nyumbani ni wengi kuliko tunavyodhani tukihesabu vitanda vya ICU tu. Wako waliotokea hospitali za Ndanda, Nyangao na Mkomaindo, hospitali za wilaya, wodi ya wanaume kitanda cha dirishani. Misuli haiulizi ulilazwa mlango gani.

Wala sidai kliniki maalumu. Uingereza walijaribu kliniki za manesi za kuwafuatilia watu waliotoka ICU, na matokeo ya mwaka 2009 kwa wagonjwa 286 hayakuonyesha kwamba maisha yao yalikuwa bora kuliko ya wasiofuatiliwa. Kumtoa mtu dhaifu Masasi hadi Mtwara, kilomita zipatazo 200, akaulizwe anajisikiaje, kisha arudi na basi la jioni, sioni faida yake kama hana tatizo linalohitaji bingwa.

Kinachoonekana kusaidia huanza mapema, mgonjwa akiwa bado hospitali. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 wagonjwa 104 waligawanywa makundi mawili; waliokalishwa, kusimamishwa na kufanyishwa mazoezi tangu wakiwa kwenye mashine, asilimia 59 walitoka hospitali wakiweza kujihudumia wenyewe, na wengine ni asilimia 35. Kwa hiyo nikisikia hospitali imepata mashine mpya ya kupumulia nafurahi, kisha nauliza wataalamu wa mazoezi tiba wako wangapi. Utepe hukatwa kwenye mashine. Sijawahi kuona ukikatwa kwa mtu wa mazoezi.

Nyumbani mambo ni ya kawaida sana. Kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara tano asubuhi na tano jioni, wiki ijayo saba. Kutembea hadi kwa jirani, kupumzika, kurudi. Na chakula. Huwa nauliza mgonjwa anakula nini, najibiwa uji wa muhogo, kwa kuwa ni mlaini. Misuli haijengwi kwa uji wa muhogo. Tunalima mbaazi hadi zinakosa bei, kunde zipo, dagaa wapo, na korosho yenyewe ina karibu gramu 18 za protini katika kila gramu 100, lakini tunaiona kama fedha, hatuioni kama mboga. Saga uchanganye kwenye uji huohuo. Wenye maradhi ya figo waulize daktari kwanza.

Kuna mambo ya kurudi nayo hospitali bila kupitia kwangu: pumzi inayozidi kubana, mguu mmoja kuvimba, homa mpya, kupaliwa kila akimeza, na mtu kusema afadhali angekufa kule. Hili la mwisho watu hulichukulia kama kukosa shukrani. Ni dalili kama homa ilivyo dalili.

Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka 5. Hao wanaingia nyumba hadi nyumba kwa habari za wajawazito, watoto na kifua kikuu. Waongezewe swali moja: kuna mtu humu aliyelazwa mahututi mwaka huu? Na hospitali ikimruhusu mtu huyo, barua iende pia zahanati ya kijiji chake, kwa Kiswahili, si kwa mwandiko wa daktari kwa daktari. Mganga mkuu wa wilaya yoyote ya huku akitaka kuandika karatasi ya upande mmoja ya kuwapa ndugu siku ya ruhusa, gharama ya kutoa nakala za Masasi nitalipa mimi, na nitazigawa hapa kaunta pamoja na panadol.