Mara ya Mwisho Kumuona Lini?

Miaka 27 nimekaa nyuma ya kaunta ya polisi. Nilipostaafu, sajini mzima, nikatoka kituoni nikaingia kituoni, safari hii cha redio, hapa hapa Mombasa. Nikajiambia kazi ni ile ile, watu waja na maneno yao, wewe wasikiliza. Na kuongea hewani si jambo geni kwangu, simu ya upepo nimeishika tangu nilipotoka chuo cha polisi Kiganjo.

Hiyo simu ya upepo ndiyo iliyoniponza mwanzo. Siku ya majaribio kila sentensi niliifunga kwa "ova". Binti mtayarishaji, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, akabandika karatasi kwenye kioo: AFANDE, USISEME OVA. Nikaacha. Karatasi ya mambo mengine hakubandika.

Nikapewa kipindi cha salamu, saa tatu usiku hadi saa sita. Nikaingia na kaunta buku mpya, nimeipiga mistari kwa rula: namba, saa, jina, maelezo. Binti akauliza ya nini. Nikamwambia hupokei watu bila OB. (Kwa ambao hamjawahi kulala ndani, OB ni kile kitabu kikubwa cha matukio pale kaunta. Lisiloandikwa humo halikutokea.)

Simu sita zikapita salama. Ya saba alipiga mama wa Kisauni, sauti laini kama tui la kwanza.

"Afande, namsalimu mume wangu, yuko bandarini zamu ya usiku. Tupigie taarab."

Mtu mwenye akili angepiga taarab. Mimi kalamu ilishagusa karatasi.

"Mara ya mwisho kumuona lini?"

"Leo... baada ya magharibi."

"Alivaa nini?"

"Kanzu nyeupe, kofia ya vito. Na makubadhi mapya, yale yanayolia kwii kwii. Kajipaka mafuta ya udi."

"Anakwenda kushusha makontena na mafuta ya udi?"

Wallahi nilikuwa najaza nafasi tu. Lakini kwenye hedifoni nikamsikia mama anavuta pumzi ndefu. "Ehe," akasema polepole. "Hebu niulize tena, Afande."

Ulimi nao, kwa mazoea, ukamalizia: yeyote mwenye habari zake apige simu, na mwenyewe akisikia aripoti kituo kilicho karibu naye.

Taa za simu zikawaka zote. Kanzu nyeupe usiku wa Mombasa ni nusu ya mji, lakini makubadhi yanayolia yalikuwa ya mmoja. Dereva wa tuktuk akasema amembeba kutoka Mwembe Tayari, akamshusha Tudor, mkononi biriani sahani mbili.

"Mbili?" akauliza mama. Simu yake hatukuwa tumeikata. Hakuna aliyethubutu.

Binti nyuma ya kioo ananipungia mikono kama anayezuia lori lililokatika breki. Mimi nikadhani anasema endelea.

Saa tano na nusu bawabu akapiga simu ya ndani. "Afande, kuna mtu hapa getini. Asema ametangazwa aripoti kituo, na hiki ndicho kilichokuwa karibu." Kumbe huko Tudor redio ilikuwa wazi.

Kabla sijajibu nikasikia ngazini: kwii, kwii, kwii.

Akaingia, jasho na udi, kofia mkononi.

"Nilikuwa kwenye dhumna tu, Afande."

Katika miaka 27 nimeandika dhumna nyingi sana. "Na sahani mbili?"

"Ya mwenzangu." Akatazama simu, taa ya mama bado inawaka. "Nakuomba, niweke ndani hadi asubuhi."

"Hapa ni redio, bwana. Hatuna selo."

Akakitazama kile chumba cha kioo, mlango mzito, kufuli. "Hata hiki chatosha."

Nikavuta kaunta buku, nikaandika: Namba 8. Saa 5:40 usiku. Amejisalimisha mwenyewe. Anaomba taarab ya kumbembeleza mke.