Kiti Imefika

Kosa la kwanza lilikuwa la ngeli, na kwa mtu aliyefundisha Kiswahili hapa Kigoma kwa miaka ishirini na miwili, kosa la ngeli linauma kuliko kuanguka na pikipiki. Jioni moja niliingia nyumbani nimekumbatia boksi lililotoka Italia hadi Dar es Salaam na kumalizia safari kwa basi, nikatangaza kwa furaha, "Mama watoto, kiti imefika!" Mke wangu akanitazama vile ninavyowatazama wanafunzi wa kidato cha kwanza. "Kimefika," akanisahihisha. Nami, badala ya kufafanua, nikanyamaza.

Mafundi huita "kiti", kutoka neno la Kiingereza "kit", ile seti nzima ya silinda, pistoni, ringi na pini yake, inayofungwa mahali pa ile ya kiwandani ili injini iongeze nguvu. Mke wangu, kwa upande wake, aliridhia fedha za akiba zitoke akiamini tunanunua kiti cha kukalia, kwa sababu cha pikipiki yetu aina ya Vespa kilikuwa kimechanika upande wa abiria, na springi moja ilimchoma kila tulipopita kwenye tuta.

Vespa yenyewe ni PX 150 niliyorithi kwa marehemu baba. Neno hilo kwa Kiitaliano maana yake ni nyigu, lakini ya kwangu ilikuwa imezeeka hadi kulia kama mbu mwenye mafua, na siku niliyopitwa na bodaboda iliyopakia watu wawili na godoro ndipo nilipoamua kuagiza kiti. Hesabu yake ilinivutia: kipenyo cha silinda kinatoka milimita 57.8 na kufika 63, mwendo wa pistoni unabaki milimita 57 zilezile, na ujazo unapanda kutoka sentimita za ujazo 150 hadi 177. Milimita tano tu na ushee! Niliona kama napewa bure.

Fundi wangu wa Mwanga ni hodari wa pikipiki za kisasa, ila injini ya namna hii, ambayo huchoma petroli iliyochanganywa na oili, alikuwa hajaifungua. Alipoitoa silinda mpya kwenye boksi aliizungusha mara tatu, akachungulia matundu yaliyotobolewa ubavuni, kisha akauliza kwa huruma, "Mwalimu, valvu ziko wapi? Hawa Wazungu wamekupunja." Nilimweleza kwamba valvu hazimo, kwamba pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu hayo inapopanda na kushuka. Tulibishana pia juu ya mshale uliochorwa kichwani mwa pistoni: yeye alishikilia kwamba unaonyesha mbele, anakokwenda dereva, nami nikashinda kwamba unaelekea lilipo tundu la eksozi. Ushindi huo ulinilevya. Kazi ilipokwisha, mezani kukabaki kijipande cha shaba chenye tundu katikati, kidogo kuliko punje ya mahindi. "Hiyo ni spea," fundi akasema, nami nikaitia mfukoni bila kuuliza swali la pili.

Ile spea ilikuwa jeti kubwa ya kabureta, mahali petroli inapochanganywa na hewa. Silinda iliyopanuliwa inadai petroli zaidi, na petroli hupimwa na tundu la jeti. Ukiiacha jeti ya zamani, hewa inazidi, moto unakuwa mkali, na kwa kuwa oili husafiri ndani ya petroli, kuinyima injini petroli ni kuinyima oili pia. Aidha, injini mpya hulelewa polepole kwa takribani kilomita 500. Ya kwangu ililelewa kutoka kwa fundi hadi nyumbani, kwa sababu kesho yake kulikuwa na harusi ya mpwa wangu Ujiji.

Nilivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Mke wangu akapanda nyuma, juu ya springi yake, amepakata dumu la lita tano la mawese la kuchangia shughuli. "Kiti hujakifunga?" akauliza. Nikajibu kwamba kimefungwa, na Mungu ni shahidi kwamba sikusema uongo.

Ilikwenda! Nilikunja mafuta hadi mwisho, gia ya nne, injini ikaimba sauti nyembamba tamu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nami sikujua kwamba injini yenye njaa ya petroli huimba hivyo kabla ya kufa. Nilimpita yule wa godoro, au pacha wake. Tulipoanza mteremko, kwa ubahili wangu wa kawaida, nikaachia mafuta kabisa huku gia ya nne imo, yaani nikakata hata yale matone ya oili yaliyokuwa yakiitunza pistoni iliyokwisha kuchemka. Pistoni ni ya aluminiamu na silinda ni ya chuma. Aluminiamu hutanuka zaidi, na ikitanuka kupita nafasi iliyopo, ndoa inafungwa humo humo ndani. Gurudumu la nyuma likasimama ghafla na kuchora mstari mweusi barabarani. Kwa bahati hatukuanguka, lakini dumu lilibanwa kati ya tumbo la mke wangu na mgongo wangu, kizibo kikaruka, na mawese ya uvuguvugu yakanishuka kuanzia kisogoni hadi kwenye viatu.

Kijana wa bodaboda akasimama, akatazama dimbwi jekundu chini ya Vespa, akasema kwa upole, "Shikamoo mzee. Pikipiki yako inavuja oili." Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo pikipiki pekee Kigoma nzima isiyo na oili hata tone.

Tulivutwa hadi Ujiji kwa kanga ya mke wangu. Pale harusini, shemeji yangu mmoja aliizunguka kanzu iliyogeuka rangi ya machungwa, akanikumbusha mbele ya watu kwamba Wajerumani walipoizamisha meli yao ziwani hapa mwaka 1916 waliipaka mitambo grisi, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. "Wao walikusudia kuzamisha," akasema, "na bado mitambo ilipona. Wewe ulikusudia kufika."

Siku ya tatu fundi aliifungua injini mbele yetu. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo kama imeparurwa na paka, na ringi zimeganda kwenye mifereji yake. Nikatoa ile jeti mfukoni, nikaiweka mezani bila neno. Mke wangu aliitazama jeti, akaitazama silinda, akamgeukia fundi.

"Fundi, mimi naomba kujua kitu kimoja tu. Hicho kiti kiko wapi?"

Fundi, maskini, akamnyooshea kidole silinda. "Ndiyo hii, mama. Hii ndiyo kiti."

"Hiki," akasema mke wangu, akinitazama mimi. "Hiki ndicho kiti."