Skrini Mpya, Picha ya Chogo

Nikiingia sebuleni kwa watu siku hizi, macho yangu yanaenda kwanza kwenye waya unaotoka kwenye king'amuzi. Nyumba nyingi zina flati skrini ya inchi 43 ukutani, HD kamili, yaani ubora wa juu wa picha, lakini nyuma yake zimechomekwa zile pini tatu: njano, nyekundu na nyeupe. Ya njano ndiyo inayobeba picha, na haina uwezo wa kubeba HD. Hata chaneli ikirushwa kwa HD, ikipita humo inashuka hadi ubora wa TV ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa. Kasoro ambazo kwenye chogo la inchi 14 hukuziona, hapa zinaanikwa zote, kila uso una ukungu. Kisha mwenye nyumba analalamika kauziwa feki.

Runinga haina kosa. Tumebadilisha skrini, mengine yote tumeyaacha yalivyokuwa kabla mitambo ya analojia haijazimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine kuanzia 2013. Badala ya pini tatu, waya wa HDMI unabeba picha ya HD na sauti kwa pamoja, na bei yake ukilinganisha na ya runinga ni ndogo mno. Ukishauchomeka, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uangalie kimewekwa kiwango gani cha picha. Kama kinafika 1080, yaani HD kamili, chagua hicho. King'amuzi kisicho cha HD waya hautakifanya kiwe cha HD, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Kinachoniudhi zaidi ni picha kuvutwa. Vipindi vya zamani vilirekodiwa kwa umbo la 4:3, upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu, skrini zetu ni 16:9, pana zaidi. Ukiilazimisha picha ijae, kila kitu kinanenepa kwa theluthi moja. Watu wanaangalia mechi ya zamani ya Simba na Yanga, wachezaji wote vibonge, mpira umekuwa yai, na hakuna anayegusa rimoti kwa sababu hawataki kuona mistari myeusi pembeni. Iacheni mistari hiyo jamani! Picha ndivyo ilivyopigwa.

Upande wa antena nako kuna kazi. Enzi za analojia mawimbi yakiwa dhaifu ulipata chenga, lakini taarifa ya habari uliisikia mpaka mwisho. Dijitali haikupi nafasi hiyo: picha safi kabisa, halafu ghafla inakatika vipande vya mraba, inaganda, sauti inakwaruza, giza. Lawama zote kwa kampuni, kumbe mara nyingi antena imefichwa nyuma ya kabati. Ipandishe nje, ielekee mnara, na waya uwe mzima, si ule uliosokotwa katikati na kufungwa selotepu. Fungua kwenye menyu ukurasa wa mawimbi. Mmoja awe juu anageuza taratibu, mwingine ndani anasoma namba. Zingatia ubora kuliko nguvu, kwa sababu nguvu inaweza kuwa juu na picha bado ikaganda.

Halafu kuna wazee wetu, na hapa ndipo ninapoumia. Mama yangu alizoea kitufe cha kuwasha na cha kubadili chaneli, basi. Leo ana rimoti mbili. Akigusa kitufe kisicho chake runinga inahama kutoka HDMI 1, tundu kilipochomekwa king'amuzi, skrini inasema hakuna mawimbi, naye anakaa kimya mpaka mjukuu arudi kutoka shule. Mtu asiyekosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku anaikosa ndani ya nyumba yake! Nimeziba kwa utepe vitufe asivyovihitaji kwenye rimoti ya runinga, nikaketi naye tukarudia hadi akaweza kuirudisha HDMI 1 bila kumwita mtu.

Mafundi nao wabadilike. Fundi akimaliza kufunga, asipokee hela yake na kuondoka kabla mzee wa nyumba hajashika rimoti zote mbili, akazima, akawasha, na kuipata chaneli anayoitaka yeye mwenyewe.